Nusu ya Kila Pigo

1

Pambano liliisha dakika ya nne ya raundi ya tatu. Kuanzia hapo Tusekile Mwaisumo hakuruhusiwa kuwa peke yake mpaka atoe mililita tisini za mkojo.

Mwajabu Shemdoe alikuwa ameshasimama kwenye mlango wa ulingo wa wavu, beji shingoni na fomu mkononi. Kazi yake ilikuwa kumtazama mchezaji na kutomwachia hata sekunde moja. Alimwona mwamuzi akiinua mkono wa kulia wa Tusekile. Alimwona Robhi Nyamhanga, mpiganaji wa Tarime, amekaa kwenye mkeka akikanda kiwiko ambacho nusura kivunjike kabla hajapiga mkeka mara mbili kukubali kushindwa. Ukumbi mzima wa Mbeya ulikuwa umesimama ukiimba "Jiwe! Jiwe!" Kwenye safu ya pili mwanamke mmoja wa makamo, mwenye kitenge cha kijani, alikuwa bado amekaa. Mikono ameibana mbavuni na anapumua kama mtu aliyepanda mlima kwa haraka.

"Dada Tusekile, naitwa Mwajabu, natoka Maabara ya Michezo. Umechaguliwa kupimwa. Kuanzia sasa niko nawe."

"Hata chooni?"

"Hasa chooni."

Tusekile alicheka. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kufumba. "Haya, mke mwenza. Twende."

Chumba cha sampuli kilikuwa na friji ya maji yenye lakiri, viti vitano na choo kimoja. Wapiganaji wote wawili walikuwa wamekauka. Walikuwa wamejinyima maji siku mbili ili uzito ukubali, na sasa miili ilikuwa inagoma kutoa kidogo kilichobaki. Basi wakakaa, wakanywa, wakangoja. Robhi alikuwa na afisa wake, mama mnene asiyependa maneno.

"Wewe," Robhi alisema. "Niambie kweli. Lile teke la raundi ya pili. La mbavuni."

"Lilifika."

"Najua lilifika, mguu wangu bado unalia. Nauliza, mbona hata uso hukukunja? Nimewahi kumpiga ng'ombe teke kama lile akalala."

"Ng'ombe wa Tarime wavivu."

"Siku moja nitakupasua nione kama ndani kuna nyama."

"Njoo kwetu Uyole, mama atakupikia ndizi. Nyama utaiona kwenye sufuria."

Robhi alicheka mpaka akashika kiwiko. Alipata mkojo wake dakika ishirini baadaye, akasaini, akaaga. Mlangoni aligeuka akamtazama mwenzake kwa muda, bila mzaha. "Hongera, Jiwe."

"Pole, dada."

Mwanamke wa kitenge cha kijani aliingia kama mwakilishi wa mchezaji, jambo ambalo kanuni inaliruhusu. Ni Subilaga, mama yake Tusekile.

"Shikamoo, mama," Mwajabu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Alikaa nyuma ya binti yake, akagusagusa mistari ya nywele aliyomsuka asubuhi ile, akarudisha mahali pake uzi mmoja uliofumuka. Alikuwa na chapati kwenye mfuko. Binti haruhusiwi kula kitu kisicho na lakiri, kwa hiyo Subilaga alikula mwenyewe, akichovya kila kipande kwenye chai na kukitafuna upande wa kulia tu. Mkono wa kushoto alikuwa ameufunika kwa pindo la kitenge.

Mwajabu alisoma maswali ya fomu. Dawa ndani ya siku saba? Hakuna. Upasuaji? Mmoja, wa kidole tumbo. Subilaga alitikisa kichwa kukubali, akataja mwaka. Kuongezewa damu? Mara moja, utotoni. Subilaga akataja mwezi.

"Una kipokezi mwilini?"

"Nilikuwa nacho," Tusekile alisema. "Niliungua na maji ya maharage nikiwa na miaka saba. Kilizimwa nilipotoka hospitali."

Mwajabu aliinua macho kwa Subilaga, kwa mazoea tu, akingoja tarehe. Subilaga alikuwa anatafuta kifuniko cha chupa ya chai. Mwajabu akaandika: *kilizimwa, kwa maelezo ya mchezaji.* Hakuchukua kisomi, kifaa cha kusomea vipokezi. Nusu ya wanawake wa nchi hii wana vipokezi vilivyokufa chini ya ngozi, kumbukumbu ya uzazi au ugonjwa fulani, na kanuni inataka pawepo sababu kabla ya kumpima mtu kisogo.

Tusekile alichukua chupa nyingine ya maji. Kifuniko kilikuwa kigumu. Alikizungusha kwa mkono wa kushoto bila kusita, na Mwajabu akaona mfupa ulioinuka nyuma ya kidole kidogo, na uvimbe wa zambarau ulioshuka hadi kifundoni.

"Mkono huo umeonwa na daktari?"

"Upi?" Tusekile aliuliza.

2

Kwa kanuni, aliyekusanya sampuli haisomi. Maabara ya Dodoma ilikuwa na watu sita, wawili wako likizo ya uzazi, kwa hiyo msomaji alikuwa Dakta Ndahani na saini ya pili ikawa ya Mwajabu. Chupa haikuwa na jina. Ilikuwa na namba, 4417, ambayo Ndahani hakujua ni ya nani. Mwajabu alijua, kwa kuwa ndiye aliyeiandika.

"Huyu hana habari," Ndahani alisema, miguu juu ya kiti cha pili. "Vipima-pigo vya mkeka na glovu vinasema amekula mapigo themanini na sita. Vishahidi vyake ni vya mtu aliyegongwa na mlango."

Kishahidi ni protini ndogo inayotolewa na ubongo pale maumivu yanapofika, si pale pigo linapotua. Hukaa kwenye mkojo na jasho kwa saa kadhaa. Tangu ilipogunduliwa, hakuna aliyehangaika tena kutafuta dawa za ganzi moja moja, kwani zilikuwa nyingi na kila mwaka zilizaliwa mpya. Wapimaji hulinganisha namba mbili tu: uzito wa mapigo aliyopokea mtu, na maumivu ambayo ubongo wake ulipata. Kwa watu wengi namba hizo hulingana, na uwiano huwa moja, ukipungua au kuzidi kidogo. Mpiganaji asiyesikia maumivu ni hatari kwa mwenzake, na kwake mwenyewe zaidi.

Uwiano wa 4417 ulikuwa sifuri nukta nne tisa.

"Dawa?" Mwajabu aliuliza.

"Hamna. Msafi kama maji ya betri. Ni maumbile tu, wapo watatu katika kila elfu. Tia kisanduku cha saba twende tukale."

Kisanduku cha saba kilisema: *kiwango cha chini cha asili.* Kilihitaji saini mbili na hakikuhitaji maelezo. Hakuna mtu aliyewahi kurudi kuuliza juu yake.

"Nipe kiraka cha jasho. Raundi kwa raundi."

Ndahani alishusha miguu. Kiraka kilichobandikwa mgongoni mwa mchezaji huhifadhi kila raundi peke yake. Namba zilikuja moja baada ya nyingine: 0.50. 0.49. 0.50.

"Loo," Ndahani alisema.

Watu wa asili ya chini hupanda na kushuka. Wakichoka husikia zaidi, wakiogopa husikia kidogo. Hakuna mwili unaokata maumivu katikati mara tatu mfululizo kama mtu anayekata mkate kwa rula. Kitu pekee kinachofanya hivyo ni kipokezi. Ni uzi mfupi kuliko punje ya mchele, chini ya ngozi ya kisogo. Husoma maumivu yanapopanda kwenda ubongoni, huzuia nusu, na nusu hiyo huituma kwenye uzi wa pili ulioko kisogoni mwa mtu mwingine aliye umbali usiozidi mita mia moja. Kilitengenezwa kwa ajili ya wodi za wazazi na wodi za walioungua. Mgonjwa hupata nafuu ya nusu. Nusu nyingine haipotei, inabebwa na mtu anayeitwa mpokezi.

Mwajabu aliwaza mikono iliyobanwa mbavuni, chapati iliyotafunwa upande mmoja, mkono chini ya pindo la kitenge. Hakuhitaji zaidi.

Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mpokezi wa mdogo wake, saa kumi na moja, wodi ya wazazi Tanga. Saa ya tisa alimwambia muuguzi azime. Muuguzi alimuuliza, "Nikishazima, zote zirudi kwake?" Mwajabu alisema basi, acha. Hakuwahi kufikiri kwamba kitendo kile kingeweza kuwa kosa.

Alikishika kisanduku cha saba kwa ncha ya kalamu kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Kikitiwa alama, msichana angebaki na mkanda wake na mama angebaki na siri yake. Hakuna dawa iliyotumika, na binti, kwa dalili zote, hakujua kitu.

"Nisomee 4418," alisema.

Ilikuwa sampuli ya Robhi. 0.98.

Robhi alikuwa amesikia kila kitu. Alisikia mguu wake ukigonga mbavu zisizokunjika, alisikia kiwiko chake kikifika mwisho, na kilipomwambia aache, aliacha. Alikuwa amepigana na watu wawili na hakuna aliyemwambia.

Mwajabu aliacha kisanduku cha saba wazi. Akaandika chini yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka: *Uwiano usio wa asili. Mchezaji aitwe kwa ufunguzi wa chupa ya pili.*

3

Kila sampuli hugawanywa chupa mbili, na mchezaji ana haki ya kuona ya pili ikifunguliwa. Tusekile alifika Dodoma kwa basi la asubuhi, wiki tatu baadaye, mkono wa kushoto ndani ya hogo la plasta. Mama yake alikuwa nyuma yake na mkoba wa picha za eksirei ambazo barua iliwataka walete.

"Sijameza hata panadoli," Tusekile alisema kabla ya kukaa. "Hata ya kichwa. Muulize mama."

"Tazama lakiri. Iko salama?"

"Iko salama. Nauliza, mnanitafutia nini?"

Jibu lilikuwa bado ndani ya mashine. Lilitoka baada ya dakika kumi na nne. 0.49.

"Naomba ugeuke," Mwajabu alisema. "Nitakupima kisogo."

Kisomi kiligusa ngozi chini ya mistari ya nywele, kikalia mara moja. Mwajabu alisoma kwa sauti, kama kanuni inavyotaka. "Kipokezi ki hai. Kimehuishwa mara ya mwisho tarehe kumi na mbili Julai, saa tatu na dakika arobaini asubuhi."

"Haiwezekani. Kilizimwa. Na tarehe kumi na mbili ni siku ya pambano." Tusekile alikuwa bado amewapa mgongo. "Saa tatu nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nasukwa."

Kipokezi hufa chenyewe kisipohuishwa ndani ya siku tisini. Kukihuisha ni rahisi, ndiyo maana wauguzi huwafundisha hata wasiojua kusoma: mpokezi huweka kidole gumba chake juu ya uzi na kukiacha hapo dakika moja.

Tusekile aligeuka polepole.

"Mama."

Subilaga alikuwa anatazama sakafu. "Walisema siku arobaini. Halafu nirudi wakizime."

"Hukurudi."

"Nilirudi. Nikafika getini. Jana yake ulikuwa bado unalia ukigeuzwa kitandani. Nikasema nitakuja wiki ijayo."

"Miaka ishirini, mama."

"Wiki zinapita."

Ndahani aliinuka, akasema anakwenda kutafuta chai, akatoka. Mwajabu alibaki, kwa sababu chupa ilikuwa wazi na yeye ndiye aliyekuwa na dhamana yake.

"Kwa hiyo Jiwe ni wewe," Tusekile alisema. "Watu wanaimba Jiwe, mimi nainua mikono kama mjinga, kumbe jiwe lenyewe limekaa safu ya pili limevaa kitenge."

"Ngumi ulirusha wewe. Mimi sikurusha hata moja."

"Na Lusaka?" Huko Tusekile alipoteza pambano moja kati ya mawili aliyowahi kupoteza.

"Pasi yangu ilichelewa."

"Nilimwambia kocha nimewekewa kitu kwenye chakula! Niliwatukana wapishi wa watu, mama! Mbele ya waandishi!"

"Nilisikia redioni," Subilaga alisema kwa unyonge. "Niliona aibu."

Kilichotaka kumtoka Tusekile kilikuwa karibu na kicheko, naye hakukitaka. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa mbali zaidi.

"Lile teke la Robhi," alisema hatimaye. "La mbavuni. Ulifanyaje?"

"Nilikaa chini. Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Jirani akaniambia, mama usiogope, binti yako hana wasiwasi."

"Na meno? Yale magego mawili yaliyovunjika mwaka jana. Uliniambia ni sukari."

Subilaga alijigusa shavu la kushoto. "Nayabana sana ukiwa ulingoni. Siwezi kupiga kelele, si utasikia."

Mwajabu aliandika saa kwenye pambizo ya fomu, kisha akaeleza yaliyokuwa lazima yaelezwe. Ushindi utafutwa na mkanda utakwenda kwa Robhi. Kwa kuwa mchezaji hakujua, atafungiwa miezi sita tu, lakini leseni haitarudi mpaka kipokezi kizimwe. Na kwa sheria kipokezi hakizimwi bila ridhaa ya mpokezi.

"Sitoi," Subilaga alisema.

"Mama!"

"Mkanda wachukue. Sitoi. Kiko kwenye ngozi yangu."

"Bila hivyo sipigani tena, umesikia alichosema?"

"Basi usipigane. Nani alikwambia nataka upigane?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Nilikuomba ushone. Cherehani ipo. Ukasema mapigano. Nikasema haya, mapigano, lakini hutakwenda peke yako. Nimekukataza? Nimekuzuia? Nimebeba nikanyamaza. Sasa mnaniambia niketi pale nimtazame mtu akimpiga mwanangu, nami nisisikie kitu, kama mtu aliyekata tikiti?"

Tusekile aligeukia ukutani.

Mwajabu alichukua mkoba wa picha za eksirei. Alizitoa kwenye mkoba, akaziweka moja baada ya nyingine kwenye kioo chenye mwanga.

"Mama, naomba uangalie. Huu ni mkono wa kushoto wa Tusekile. Mstari huu ni mfupa uliovunjika Julai. Huu hapa ni wa zamani, labda miaka minne, ulijiunga wenyewe ukiwa umepinda. Na huu, kwenye kidole. Na huu wa mguuni. Mbali na wa Julai, kuna mmoja kati ya hii ambao daktari aliwahi kuufunga?"

"Hakuna," Tusekile alisema akiwa bado ukutani. "Sikujua."

"Mfupa wa Julai ulivunjika dakika ya pili ya raundi ya pili. Glovu imerekodi. Mama, mkono wako uliuma dakika ile?"

"Uliuma sana."

"Baada ya hapo aliutumia kupiga mara thelathini na moja. Mtu anayesikia yote huacha kwenye ya tatu. Maumivu uliyoyachukua ndiyo yaliyokuwa yamwambie aache."

Subilaga aliitazama picha. Alinyoosha kidole, akaufuata ule mfupa uliopinda kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama anayepapasa mkono wenyewe.

"Nimemvunja mimi?"

"Hapana. Ulimnyima habari."

"Na kikizimwa, atasikia?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

Subilaga alikunja pindo la kitenge, akalikunjua, akalikunja tena. "Nipangie siku," alisema.

4

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumanne, kliniki ya vipokezi, Mbeya. Sheria inataka afisa mmoja ashuhudie, na Mwajabu aliomba awe yeye. Hakuandika sababu, na fomu ya safari haikuwa na mahali pa kuiandika.

Mama na binti walikuja kwa njia mbili tofauti. Tusekile alikuwa amehamia kwenye chumba cha mazoezi tangu Dodoma, analala juu ya mikeka. Walisalimiana kwa adabu. Akaacha kiti kimoja wazi katikati yao.

"Robhi kanitumia ujumbe wa sauti," Tusekile alisema baada ya muda, akitazama mbele. "Anasema nikwambie una mbavu nzuri."

"Ametukana?"

"Hajatukana. Anasema ukipona angependa kuja kula zile ndizi. Anakuja na mkanda wake, tuushike zamu kwa zamu."

"Mwambie aje," Subilaga alisema. "Kiwiko chake je?"

"Hajambo."

Fundi wa kliniki, Anyosisye, alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliwaeleza utaratibu mara mbili. Kuzima ni kazi ya sekunde tatu. Kinachochukua muda ni uthibitisho: mtoaji, yaani mwenye maumivu, huchomwa kwenye kidole kwa sindano ya kipimo, ambayo haileti jeraha lakini inauma kama moto wa mkaa, na mpokezi husema anachosikia. Mara moja kabla ya kuzima, mara moja baada.

"Mpokezi ajibu ukweli," alisema. "Wengine husema wanasikia wakati hawasikii. Wengine husema hawasikii. Zote nimeziona."

Wakavuta viti. Sasa ilibidi wakae uso kwa uso, magoti yakikaribiana. Tusekile alinyoosha mkono wa kulia juu ya meza. Anyosisye akambonyeza sindano kwenye ncha ya kidole cha shahada.

Tusekile alikunja uso kidogo. Kidole cha Subilaga, kilichokuwa kimelala juu ya paja lake, kiliruka.

"Nasikia," Subilaga alisema. "Kulia. Cha shahada."

Mwajabu akaandika: *saa nne na dakika tano, amesikia.*

Fundi alisogeza kifaa kwenye kisogo cha Subilaga. "Tayari, mama?"

Subilaga alimtazama binti yake usoni, kwa makini, sehemu moja baada ya nyingine: kovu la nyusi, jicho lililopona, kidevu. Anyosisye alisubiri. Mwajabu alisubiri pia, na hakuandika kwamba walisubiri.

"Tayari."

Kifaa kililia mara tatu, kikanyamaza. Hakuna kilichobadilika ndani ya chumba. Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda cha magurudumu, na gurudumu moja lilikuwa linapiga kelele.

"Sasa ya pili," fundi alisema, akabonyeza sindano.

"Mama!" Tusekile alipiga kelele, akauvuta mkono kifuani.

Subilaga alikuwa ametazama kidole chake mwenyewe. Alikigeuza. Alikisugua kwa kidole gumba, akakingoja, kama mtu anayengoja simu iliyokatika ilie tena.

"Mpokezi amesikia nini?" Anyosisye aliuliza taratibu.

"Sijasikia kitu," Subilaga alisema. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Hakuna. Pako kimya."

Mwajabu aliandika saa. Mwandiko wake ulikuwa sawa na siku zote.

Subilaga alinyoosha mikono yote miwili juu ya meza, akauchukua mkono wa binti yake, akakipata kile kidole, akakipuliza. Alikipuliza tena, pumzi ndefu ya taratibu, kama anavyopulizwa mtoto mdogo aliyejigonga. Tusekile alimwachia mkono.

"Inauma kweli," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Hujui, mama." Hakusema kwa ukali. "Sasa hujui."

Subilaga aliacha kupuliza. Alifikiri juu ya hilo kwa muda, mkono wa binti bado uko ndani ya mikono yake, akaona kwamba ni kweli.

"Basi niambie," alisema.

Tusekile alitazama kidole. Hakuwahi kuombwa jambo hilo, na alitafuta pa kuanzia.

"Inaanza kama moto," alisema. "Halafu moto unatulia, lakini chini yake kuna kitu kinapigapiga…"

Subilaga akavuta kiti chake karibu zaidi.